Kura ya Mkwe

Nitawaeleza kila kitu isipokuwa jina lake. Atakayeona ni kichekesho aende Rugenge akaulizie, wazee wa kule watamtajia bila shida, maana wao hawakuoa kwake. Mimi nilioa kwake. Jina hilo limetoka kinywani mwangu siku moja tu, mwaka 1960, mbele ya karani wa serikali na mstari mrefu wa wanaume waliokuwa wanachomwa na jua, na habari yenyewe ndiyo hii.

Msikae mkisubiri kujua kama alishinda. Hakushinda. Alikuwa wa tatu kwenye orodha ya chama chake, na mwalimu mmoja wa Luvungi aliyekuwa wa kwanza ndiye aliyepanda ndege kwenda Léopoldville kukaa kwenye kiti cha bunge. Kilichonihusu mimi hakikuwa kiti. Ni mke wangu Célestine, na mtoto wetu ambaye alikuwa hajawahi kulala chini ya paa langu.

Kwetu Uvira, upande huu wa ziwa, mwanamume hatamki jina la baba wa mke wake. Utamwita Baba, utamwita Mukwe, na ukimsema kwa watu utasema yule mwenye duka, au yule wa tai. Si woga. Jina lake ni kama uchi wake: unajua upo, lakini si wako wa kuutazama. Na mama mkwe ndiyo zaidi, kwani mkikutana njiani mmoja wenu ataingia kwenye mihogo ya watu mpaka mwenzake apite. Nilikuwa nimeingia kwenye mihogo mara nyingi na sikuwahi kuona aibu.

Baba mkwe alikuwa na duka Rugenge. Zamani alikuwa karani, na ukarani ulipomtoka tai ilibaki shingoni; alipima chumvi na tai, alimimina mafuta ya taa na tai. Mimi nilikuwa mpakizi bandarini Kalundu. Marobota ya pamba ya bonde la Ruzizi yalipita mgongoni mwangu kwenda melini, na jioni nilirudi Nyamianda, kwenye chumba changu na jiko la mawe matatu. Shule sikuiona. Wengi hatukuiona, wala hatukuwa tunalia kwa hilo.

Célestine alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama inavyopasa. Akazaa msichana, tukamwita Consolate. Nikapeleka kuni, nikapeleka samaki, nikapeleka kitenge kwa mama mkwe kwa mkono wa mtu mwingine. Wakati wa kuwarudisha ulipofika, Wabelgiji wakatangaza uchaguzi, na baba mkwe akatangaza kwamba yeye ni kandida.

Nyumba ya kandida inataka mikono. Ndivyo nilivyoambiwa. Wajumbe walikuja kutoka Makobola, kutoka Luvungi, kutoka Kiliba, na wote walikuja na njaa. Mtu akisema ana kijiji kizima nyuma yake, huwezi kumpa maji ukamwambia kwa heri. Célestine akawa anasonga bugali kwa chama, mtoto mgongoni, na mimi nikawa nakula mihogo ya kuchemsha peke yangu kama kapera.

"Propagande ikiisha, utamubeba bibi yako," baba mkwe aliniambia, maana kampeni aliiita propagande. "Ni mambo ya siku kidogo."

Siku kidogo! Zilikuwa siku ambazo watu waliota ndoto macho wazi. Kamio, lori la chama, ilipita na kipaza sauti asubuhi, ikapita nyingine mchana, na kila moja ikaahidi. Tukipata uhuru, kodi hakuna. Tukipata uhuru, mpakizi wa Kalundu atakaa ofisini na mzungu ndiye atakayebeba robota. Nilicheka sana, kwa sababu nilijaribu kufikiria mzungu wa bandarini na robota mgongoni nikaona atakufa kabla ya kufika melini na pamba itaoza. Lakini nilikwenda kwenye mikutano yote, ya baba mkwe na ya wale wengine, waliokuwa wanavaa kofia nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja kuniomba kitu badala ya kuniamuru. Ilinipendeza, sitaficha.

Na kusema kweli, yule kandida wa kofia nyekundu alijua kusema habari za bandari kuliko baba mkwe. Alijua mtu akivunjika mguu Kalundu anapewa nini, yaani hapewi kitu. Kama kura ingekuwa yangu, sijui ningeipeleka wapi. Lakini haikuwa yangu. Ilikuwa imeshawekwa rehani, na rehani yenyewe ni Célestine.

Matatizo yalianzia uwanja wa mpira wa Rugenge. Kiongozi wa nyimbo alisimama juu ya pipa akauliza kwa sauti, "Tutamuchagua nani?" Uwanja mzima ukajibu kwa jina la baba mkwe. "Nani?" Wakajibu tena. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kama mkwe wa nyumba, nimeshika nguzo ya bendera ya chama. Nikafungua kinywa na kukifunga, nikafungua na kukifunga, bila sauti, kama mwimbaji wa kwaya asiyejua wimbo. Rafiki yangu Léopold, mpakizi mwenzangu, alinisogelea.

"Eugène, weye unatafuna nini?"

"Nyamaza."

"Bantu banaona."

Watu waliona kweli. Na kama kuna aliyekuwa hajaona, aliona Makobola. Tulikwenda kule na kamio, vumbi la njia ya Fizi likatupaka rangi moja sote, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuruka chini, mzee mmoja wa pale akanikamata mimi.

"Huyu wenu anaitwa nani?"

"Ni mwenye duka la Rugenge, Baba."

"Iko na jina?"

"Iko nalo."

"Ni nani basi?"

"Muulize yule kijana wa nyuma, Baba, yeye atakuambia."

Wale waliokuwa karibu walielewa mara moja, wakacheka vizuri, cheko la watu wenye wakwe. Mzee mwenyewe alinipiga bega. Lakini kulikuwa na vijana wawili wa kofia nyekundu pale, na hao hawakucheka vizuri. Kabla kamio yetu haijarudi Uvira, maneno yalikuwa yameshafika: hata mukwe wake mwenyewe hamutaki, akiulizwa jina anageuza shingo.

Kesho yake baba mkwe aliniita dukani. Alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba. Nyuma ya pazia palisikika mchi ukitwanga, nikajua ni mama mkwe, nikageuza uso ukutani.

"Mukwe," alisema, "kaa."

Nikakaa.

"Unasikia vile banasema?"

"Nasikia, Baba."

"Minye najua si kweli. Najua ni heshima. Lakini heshima hii itaniua." Alirekebisha tai yake. "Sikia. Hizi ni mambo ya bankambo, ya babu zetu. Wabelgiji banaenda, na hii nayo iende. Tunataka kuongoza inchi, na mutu mukubwa anashindwa kutaja jina la mutu mwingine? Minye mwenyewe nakupa ruhusa. Sasa sema."

Akalitamka jina lake mwenyewe, polepole, akilikata vipande vipande kama anamfundisha mtoto wa shule. Akanisubiri.

Nilijaribu, wallahi. Nilivuta pumzi, nikaweka ulimi mahali pake, na herufi ya kwanza ikafika kwenye meno. Mchi ukanyamaza nyuma ya pazia. Mama mkwe akakohoa mara moja tu, kikohozi kikavu cha mtu asiye na mafua. Herufi ikarudi ilikotoka.

"Mama, toka kule!" baba mkwe alipiga kelele. Hakutoka. Mchi nao haukuendelea.

Hapo ndipo alipokasirika. Alinieleza jinsi kura itakavyopigwa, na alinieleza vizuri kwa sababu alikuwa karani. Anayejua kuandika anaandika mwenyewe. Asiyejua anamwambia karani, mashahidi wa vyama wanasikia, karani anaandika. Ukitaja chama peke yake, kura inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha, yaani yule mwalimu. Ukitaka iende kwa wa tatu, sharti utaje jina lake.

"Minye sina haja ya chama," alisema. "Nataka jina. Cyprien atakaa pale kama shahidi, na atasikia." Cyprien ni mdogo wake. "Ukitaja, kesho yake unamubeba Célestine na mutoto. Usipotaja, nitajua hawa wa kofia nyekundu banasema kweli. Mutu asiyenitaka mu politike, hanitaki mu nyumba. Célestine atabaki hapa."

"Baba, ni heshima tu."

"Heshima haihesabiwi mu kura."

Nilitoka pale nimekasirika hata nikasahau kofia yangu. Mtu anakunyang'anya mke kwa sababu unamheshimu! Nilitembea mpaka ziwani, na kule nikamkuta Célestine mwenyewe, amechutama majini hadi magotini, anasugua masufuria ya wajumbe kwa mchanga. Yalikuwa masufuria makubwa ya arusi. Consolate alikuwa amelala kwenye kanga juu ya majani, kinywa wazi. Nikamwinua. Alinuka moshi wa jiko ambalo si langu. Nilimpenda yule mtoto kwa hasira siku ile, sijui kama mnaelewa.

"Baba alikuambia?" Célestine aliuliza bila kugeuka.

"Aliniambia."

"Utasema?"

"Weye unataka niseme?"

Aliendelea kusugua. Célestine hakuwa mtu wa kujibu haraka. Hata siku ya posa aliwaweka wazee wakisubiri mpaka pombe ikapoa.

"Nikikuambia sema, niko mutoto mubaya kwa baba," alisema mwishowe. "Nikikuambia usiseme, niko bibi mubaya kwako. Minye ninyamaze. Lakini nimechoka na hizi sufuria, Eugène. Nataka kupika sufuria moja kidogo, kwa bantu ninaojua majina yao."

Ningeweza kumshika mkono tuondoke pale pale. Wako wanaofanya hivyo. Lakini anayemwiba mke wake kwa wazazi anabaki mwizi mpaka anazikwa, na watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi. Nikamrudishia mtoto, nikaenda kumtafuta Léopold.

Léopold alijua kusoma kidogo, na kwa kawaida alikuwa mtu wa kujivuna kwa hilo, lakini siku ile alinihurumia. Alisema jambo ni rahisi. Mwiko ni wa kinywa, si wa mkono. Angeniandikia jina kwenye kikaratasi, mimi ningemwonyesha karani, karani angenakili, na mimi ningetoka na meno yangu yote. Nilimkumbatia. Nilimnunulia pombe ya ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze nililala vizuri.

Siku ya kura tulipanga mstari nje ya shule tangu umande haujakauka. Wanaume peke yao, maana wanawake hawakuwa na kura wakati huo; walileta tu chakula na maoni, na maoni yalikuwa mengi. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilikigusa kila baada ya hatua. Baba mkwe alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu makandida hawakuruhusiwa kukaribia, amevaa koti jeusi katika joto lile, anawainulia watu mkono. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo. Nikatikisa changu, nikijiona mjanja.

Mlangoni polisi alipapasa mifuko.

"Hii nini?"

"Jina, chef. Sijui kuandika."

"Karatasi ya propagande haziingii." Akakikunja na kukitupa kwenye kikapu, ambamo kulikuwa na vingi vya namna hiyo, na akanisukuma ndani.

Ndani kulikuwa na meza mbili. Karani alikuwa mgeni, kijana kutoka Bukavu mwenye miwani, na alikuwa ameshachoka na watu wa Uvira. Kwenye benchi ya mashahidi alikaa Cyprien, na kando yake Sylvestre, fundi cherehani, kofia nyekundu kichwani. Madirisha yalikuwa wazi na kila dirisha lina vichwa.

"Unajua kuandika?"

"Hapana."

"Basi sema. Chama na jina."

Nikataja chama.

"Jina."

"Yule wa tatu."

"Hapa hatupigie kura namba. Jina."

"Mwenye duka la Rugenge."

"Maduka ya Rugenge ni mengi," Sylvestre alisema, na alikuwa anafurahi. "Iko ya chumvi, iko ya vitenge. Aseme jina!"

"Baba ya bibi yangu," nikasema.

Madirishani wakaangua kicheko. Hata karani alitaka kucheka, akajizuia kwa kupangusa miwani. "Ndugu yangu, minye nitajua bibi yako wapi?"

Cyprien akainuka nusu. "Bwana karani, huyu anataka kusema..."

"Shahidi haseme!" Sylvestre akampigia kelele. Cyprien akakaa, akatazama sakafu. Naye alijua. Ningeapa kwamba naye alikuwa anaomba nisiseme.

Karani akashika kalamu. "Sikia, bantu ni wengi. Niandike chama peke yake? Itakwenda kwa wa kwanza, na weye unaenda nyumbani."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, ndiyo, na jina la mkwe wangu lingebaki mahali pake, na mwalimu wa Luvungi angepata kura ambayo hakuiomba. Na Célestine angebaki kule na masufuria ya arusi, na mtoto angekua akiniona kama mgeni anayeleta samaki. Nilitazama kalamu ile. Nilimchukia karani, nilimchukia Sylvestre, na zaidi ya wote nilimchukia mwenye jina.

Nikalisema.

"Nguvu kidogo," karani alisema. "Sikusikia."

Nikalisema tena, na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka na hakuna tena cha kuokoa, nikalisema kwa sauti ya bandarini, sauti ninayomwitia mtu aliye upande wa pili wa meli. Jina likatoka dirishani. Likavuka barabara.

Kicheko kilikatika. Mstari mzima ulinyamaza, wanaume wenye wake na wakwe, na nikasikia kalamu ya karani ikikwaruza. Sylvestre alivua kofia yake nyekundu akaiweka gotini. Hakuna aliyemwambia avue.

Nilipotoka nilimtazama baba mkwe, ingawa sikupaswa. Alikuwa amesimama vilevile ng'ambo, lakini mkono aliokuwa anawainulia watu ulikuwa umeshuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi sokoni na hajaamua afanye nini. Kisha akageuka akaenda kwake, jua bado la asubuhi, wapiga kura bado wamejaa mstarini, bila kumuaga mtu.

Kesho yake nilivaa shati safi nikaenda Rugenge. Ahadi ni ahadi, nilijiambia. Cyprien alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa ua, amekaa katikati ya njia kabisa, na hakunikaribisha.

"Kaka yangu hajala tangu jana," alisema. "Mama iko analia mule ndani. Ulimutaja mara mbili, Eugène, mbele ya bantu, kama unaita mutoto atoke kuoga."

"Alinituma yeye."

"Alikutuma, ndiyo."

"Ulikuwa pale. Ulisikia."

"Nilisikia. Bote balisikia." Akashusha sauti. "Lete mbuzi na pombe ya ndizi, tuoshe jina. Kiisha tutaongea habari ya bibi."

Hapo niliharibu kabisa, maana katika ua wa wakwe mtu hapazi sauti, na mimi nilipaza. "Si alisema mambo ya bankambo imekwisha? Imekwisha ku kinywa changu, kiisha inaanza tena ku mulango yake? Nilikuwa na heshima akaniambia niiache. Nimeiacha, sasa anataka mbuzi!"

Sauti ya baba mkwe ikatoka nyuma ya dirisha lililofungwa. Hakuniambia mimi. Alimwambia mdogo wake, kama inavyofanywa kwa mambo mazito, jambo alilokuwa hataki tena kulifanya tangu avae tai.

"Cyprien, mwambie mukwe sina hasira naye."

"Kaka anasema hana hasira nawe."

"Mwambie nilifikiri imekwisha. Nilimwambia imekwisha kwa sababu niliamini. Lakini niliposikia..." Akaanza upya. "Mwambie hivi: niliposikia, nikajua haijakwisha."

Cyprien hakurudia maneno hayo. Hakukuwa na haja. Hasira yangu yote ikanishuka miguuni, nikabaki nimesimama pale na shati langu safi. Nilikuwa nimekuja kugombana na mwanasiasa, nikamkuta mzee aliyeumizwa, na aliyemuumiza ni mimi, kwa amri yake mwenyewe. Ningefanya nini? Nilitaka kurudi Nyamianda kutafuta mbuzi.

Ndipo Célestine alipotoka. Mtoto mgongoni, mkeka na kifurushi kichwani, sufuria moja ndogo mkononi. Alipiga magoti kidogo kuelekea dirisha lile.

"Baba, ulisema kura. Kura amepiga."

Akaweka mzigo sawa kichwani.

"Mbuzi ataleta," akaendelea. "Ataileta akiwa na bibi yake wa kumusaidia kuivuta." Kisha akamwambia Cyprien, "Baba mudogo, naomba njia."

Cyprien alitazama dirisha, akamtazama Célestine, akatazama mzigo na mtoto. Akasogeza kigoda.

Tulishuka kuelekea Nyamianda, yeye mbele na mimi nyuma, badala ya kinyume. Watu walitusalimu wakashangaa. Hakunitazama hata mara moja, na mimi nikaanza kuogopa. Niliona labda ametoka kwa hasira ya baba yake, si kwa ajili yangu. Labda angenifuata mpaka nyumbani na kunipikia na kunizalia, na kamwe asinisamehe. Mwanamke anaweza kufanya hivyo maisha yake yote na usijue.

"Célestine," nikasema. "Nilikosa?"

"Ulikosa."

"Ningefanya nini?"

"Hakuna kingine ungefanya. Lakini ulikosa."

Tulifika kwenye kijito, pale penye mawe ya kuvukia. Akasimama. Akatua kifurushi na mkeka juu ya jiwe kavu, akafungua kitenge, akamshusha mtoto mikononi mwake. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni, akasema:

"Nzeyimana."

Nzeyimana ni baba yangu. Alikuwa amekufa kabla hatujaoana, na tangu arusi Célestine hakuwahi kulitamka jina lile, kwa kuwa mke naye anafungwa vilevile kwa baba wa mume. Kulikuwa na fundi wa baiskeli mtaani kwetu mwenye jina hilohilo. Célestine alimwita "fundi" tu, na mke wa fundi alimwita "mama wa kule". Hata usingizini hakuteleza. Sasa alilisema mchana kweupe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi.

Nilisikia joto likinipanda shingoni. Ni kama mtu amefungua ghafla mlango wa boma la kuogea, na baba yangu yumo ndani, mzee, hana nguo, anatafuta pa kujificha. Nilitaka kumfunika. Nilitaka kumpiga Célestine. Macho yakanijaa maji na sikuyafuta.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Inauma?"

"Inauma."

"Ndiyo vile ilimuuma baba." Alikuwa amemkaza mtoto kifuani, nikaona kwamba halikuwa jambo rahisi hata kwake, kwamba alikuwa amelibeba tangu Rugenge bila kujua kama ataliweza. "Basi sasa tuko wawili tuliokosa," alisema. "Shika mutoto, nivuke maji."